Injini Aliyoisikia kwa Nyayo

Kaka yangu hakuwahi kuendesha boti yake akiwa amevaa viatu. Abiria wageni walidhani ni ufukara, na mama mmoja aliwahi kumletea kandambili za mumewe ambazo bado zilikuwa nzima. Alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa lile lisauti lake, akazisukumia chini ya benchi na kuendelea kukanyaga mbao pekupeku. Masikio yake yalikuwa yamekufa siku nyingi, na injini yake alikuwa akiisikiliza kwa nyayo.

Aliyeyaua masikio ni injini hiyohiyo. Ilikuwa ya dizeli, ya silinda moja, imekaa katikati ya boti ndani ya sanduku la mbao, na bomba lake la moshi limetokeza ubavuni. Kaka alianza nayo akiwa kijana wa kujitazama kwenye kila kioo anachopita, akaendelea nayo mpaka nywele zenyewe zikaaga. Enzi hizo hakuna aliyetuambia habari ya kuziba masikio kwa pamba. Ilianza kupotea milio ya ndege, ikafuata simu, kisha maongezi ya watu. Kiziwi hajui sauti yake inafika wapi, kwa hiyo naye akawa anapaza, na watu wa gati wakampachika jina la Ngurumo. Akikusalimia upande huu, walio ng'ambo wanaitikia.

Mimi ni dada yake mdogo. Nauza vipuri vya injini kwenye duka linalotazama gati, na watu husema nina hasira za karibu. Ningependa kuwaona hao watu wakikaa kaunta kutwa, mtu anakuletea plagi aliyoitumia mpaka ikawa nyeusi, anataka umbadilishie. Lakini nitakayosema juu ya nyayo za kaka sikuyatia chumvi. Alikuwa akifika dukani na kusema, "Mdogo wangu, pampu ya maji inaanza kuchoka," na injini inakwenda vizuri tu, hata fundi wangu anacheka. Tukiifungua, tunakuta mpira wa ndani umeanza kumeguka. Fundi akaja kuacha kucheka.

Mkewe, yaani wifi yangu, alikuwa mshonaji wa sare za shule. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi mwanzoni niliona anajisikia. Kumbe alikuwa na namna yake. Alipoongea na mumewe hakutoa sauti kabisa, alisogeza midomo tu, polepole, na kaka alimwelewa hata mmoja akiwa jikoni na mwingine sebuleni, mlango ukiwa wazi. Nyumba ya kiziwi ikawa tulivu kuliko zote mtaani. Kelele zilianza tukija sisi ndugu. Watoto wao walikuwa wamekua na kutawanyika, wakawa wanampigia mama simu, na mama anamsimulia baba kwa midomo.

Kisha wifi akaugua figo. Alianza kuvimba miguu, akasema ni cherehani, amekanyaga sana. Alipokubali kupimwa, figo zilikuwa zimebakiza uhai kidogo mno. Ikabidi awe anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, katika hospitali iliyo ng'ambo, kwenye chumba chenye viti vichache na wagonjwa wengi. Pale kila mtu ana saa yake. Ukichelewa, kiti anapewa mwingine, na wewe unarudi nyumbani na sumu yako mwilini.

Injini ya dizeli haina haraka. Inakula mafuta kidogo, na ukiitunza inawazika wenyewe. Lakini kuvuka kwa boti ya kaka kulikuwa kunamaliza asubuhi nzima, na njia yote mbao zinatetemeka. Mtetemo uliokuwa habari njema kwenye nyayo za kaka ulikuwa mateso kwenye mifupa ya wifi. Alikalia mto, akauma meno, na moshi ukigeuka upande wake alitapika ndani ya kopo alilokuja nalo, akalisuuza, akalifunika. Hakulalamika hata siku moja. Mimi ningelalamika mpaka boti izame.

Siku injini ilipokufa, upepo ulikuwa wa mbele na walikuwa wameshachelewa. Kaka alivuta mafuta mpaka mwisho na kuyaacha hapohapo. Abiria walisema moshi ulikuwa mweusi, na sanduku lilipata moto hata mizigo ikaondolewa juu yake. Katikati ya ziwa ukasikika mlio mmoja mkavu, kisha kimya. Wakavutwa na boti nyingine. Walipofika hospitali, kiti cha wifi kilikuwa na mtu.

Fundi wangu aliifungua injini, akakuta bloku, mwili wenyewe wa injini, imepasuka toka juu hadi chini, ya kutupwa. Nilimfokea kaka. Nilimuuliza inakuwaje mtu anayeijua injini kama mwanawe wa kumzaa aichome namna ile. Alinitazama midomo mpaka nikamaliza.

"Nilijua," akasema. "Miguu iliniambia mapema. Ningepunguza mwendo, ingepona."



Basi ikaja habari ya injini mpya. Ushirika wa wenye boti ulikubali kumsaidia kupata moja, na dukani kwangu zilikuwapo mbili za kumfaa. Moja ilikuwa ya dizeli, ndugu halisi wa ile iliyokufa. Nyingine ilikuwa ya petroli, ile ya kufungwa nyuma ya boti, nyepesi, unavuta kamba inawaka, unaiinua ukifika kwenye maji mafupi. Hiyo ingemvusha wifi kabla chai haijapoa kwenye chupa. Gati zima likawa na maoni. Wenye dizeli walisema petroli ni ulevi, kila siku unanunua, na injini ya nyuma mwizi anaibeba begani. Wenye petroli walisema kuzungusha hendeli ya kuwashia dizeli kumewamaliza wanaume migongo. Hakuna aliyetaja jambo lenyewe, na jambo lenyewe nililijua mimi. Injini ya nyuma haikai kwenye mbao. Inaning'inia nje, imeshikwa na mipira, haitikisi sakafu. Kaka akichukua hiyo, hapo ndipo atakapokuwa kiziwi kweli.

Nilitaka achukue ya dizeli, sifichi. Niliwaza kwamba wifi anaweza kuvushwa na boti za watu, lakini kaka akitolewa majini atakuwa nani?

Wifi alinijia dukani peke yake, akitembea kwa kushika kuta. Alikaa kwenye stuli ya wateja, akangoja pumzi zirudi.

"Wifi," akasema, "mwambie hiyo ya petroli imeshachukuliwa."

"Atauliza na nani."

"Wewe hukosi jibu. Mimi ni mtu wa kupita, yeye bado yupo. Nikiondoka atabaki na nini? Abaki na injini yake."

Tukala njama palepale. Tuliisukuma ile ya petroli nyuma ya mapipa ya oili, tukaifunika turubai, na wifi, mgonjwa vile, alishika ncha moja ya turubai asikubali kuiachia. Kaka alipokuja, wifi akiwa bado kwenye stuli, nilimpa hadithi ndefu ya mteja aliyetoka mbali. Alinisikiliza kwa macho, kisha akamtazama fundi, na fundi akatazama dari. Akaenda moja kwa moja kwenye turubai na kulifunua. Mtu mwenye domo kama langu huwababaisha watu kwa sauti, na kaka hakuwa na masikio ya kubabaishwa.

"Ziwasheni zote mbili," akasema.

Ya dizeli ilikuwa imefungwa juu ya fremu ya mbao. Kaka alishika hendeli mwenyewe. Aliinua kale kashikio ka valvu kanakolegeza injini kwa mkono wa kushoto, akazungusha kwa wa kulia mpaka gurudumu likapata uzito, akaachia. Ikashika. Duka zima likatetemeka, makopo yakagongana kwenye rafu. Kaka akapanda juu ya fremu, akafumba macho, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyefika nyumbani.

"Nozeli ya mafuta inatema kidogo," akamwambia fundi. "Uirekebishe kabla hujampa mtu."

Nilisikia alivyosema "mtu". Hakusema "kabla hujanipa."

Ile ya petroli fundi aliifunga kwenye ukingo wa pipa lililojaa maji. Ikawaka kwa mvuto wa kwanza, ikawa inanung'unika taratibu, huku ikirusha pembeni kale kamrija ka maji kanakoonyesha kwamba inajipoza. Kaka alisimama kando ya pipa, nyayo sakafuni. Akangoja. Tulimtazama, naye akatutazama.

"Mbona hamwashi?" akauliza.

Fundi alicheka, kisha akaona uso wangu, akafyata. Wifi ndiye aliyemwambia, kwa midomo, kwamba imeshawaka. Kaka akaweka kiganja juu ya mfuniko wa injini na kukiacha hapo kwa muda. Akamtazama mkewe. Akaitazama miguu yake iliyovimba.

"Nifungieni hii," akasema.

Wifi alilia kwa hasira. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimpandishia mumewe sauti, na hakupata kitu, kwa sababu kaka alikuwa ameshageuka anafungua nati kwenye pipa. Kiziwi akikupa kisogo, ugomvi umekwisha.

Injini hizi za nyuma zina king'ora kidogo. Zikipata joto kupita kiasi kinalia, ili mwendeshaji azime kabla hazijaungua. Ziwani kwetu magugu na mifuko ya plastiki huziba tundu la kuvutia maji mara kwa mara, basi king'ora hicho si pambo. Kaka asingekisikia hata kama kingelia ndani ya sikio lake. Mpini aliushika na kuhisi unavyotetema, lakini alisema haumwambii kitu, ni sawa na kupeana mkono na mtu asiyetaja jina. Kwa hiyo wifi akawa masikio yake. Alikaa benchi la nyuma kabisa, juu ya mto wake, ameelekea injini, jicho kwenye kamrija ka maji, maana macho ya kaka yalihitajika mbele kwenye njia. Kamrija hako watu wa boti hukaita mkojo. Kila baada ya kitambo kaka alimgeukia na kumuuliza mbele ya abiria wote, kwa sauti ya kufika ng'ambo, "Inakojoa?"

"Inakojoa kuliko mimi," wifi alijibu kwa midomo, na Ngurumo alicheka mpaka boti ikayumba. Abiria nao walicheka bila kujua wanacheka nini. Niliwaona wakiondoka hivyo asubuhi nyingi. Sikuwahi kuwaona wakipendana namna ile hata walipokuwa vijana, na moyo wangu ulikuwa unafurahi na kuuma kwa pamoja, maana sisi sote tulijua safari zile zinaelekea wapi.

Hakukosa kiti chake tena. Mvua zilikuja zikaisha, zikaja nyingine, na madaktari waliokuwa wametuandaa mapema wakabaki kushangaa. Siku akiwa amechoka hata midomo haisogei, aliinua kidole gumba, na kaka akaridhika. Mara ya mwisho walikuwa wanarudi wawili tu. Wifi alisinzia, kichwa kikaangukia bega la mumewe, na mkojo wa injini ukakosa mtu wa kuutazama. Kaka hakutaka kumwamsha, wala hakuiamini injini isiyo na mlinzi. Aliizima, akashika makasia, akapiga kasia mpaka gatini huku amemwegemeza. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Wifi alifariki wiki hiyo, kitandani kwake, kaka amemshika mkono.

Watoto walikuja, wakalia, wakamwambia baba ahamie kwao, wakarudi walikotoka. Kaka alirudi majini mapema kuliko nilivyopenda. Nilimsihi amchukue mtu wa kukaa nyuma, na fundi wangu alijitolea. Kaka aliitikia kwa kichwa, kisha akaondoka bila yeye. Mto wa wifi aliuacha palepale kwenye benchi la nyuma, na abiria hakuruhusiwa kupasogelea hata boti ijae vipi. Ukijaribu kukaa, unapigiwa kelele mpaka unarudi mbele mwenyewe. Watu waliheshimu msiba wake. Wakawa wanabanana mbele, wote migongo yao imeelekea injini, na mahali pekee pa kuonea kama inajipoza pakawa hapana mtu.

Siku yenyewe ziwa lilikuwa shwari. Ndani walikuwamo wachuuzi na mizigo yao, na mwanamke mmoja mjamzito. King'ora kililia, wakakisikia wote. Mmoja alidhani ni simu ya jirani yake, akamwambia apokee. Walipogeuka na kuona moshi, walimwonyesha kaka kwa mikono, wakapiga kelele, naye akawapungia, maana kumtania kwa mikono na makelele ndiyo ilikuwa salamu yao ya kila siku. Injini ikakaza, ikazimika. Maji yakawasukuma kwenye magugu, wakapigwa na jua humo mpaka walipokuja kutafutwa. Yule mjamzito alishushwa gatini amebebwa. Yeye na mtoto walipona, namshukuru Mungu, lakini siku hiyo pale gatini hapakuwa na mtu wa utani.

Asubuhi iliyofuata mwenyekiti wa gati alikuja dukani. Ni mtu mpole, hapendi maneno. Alichagua boliti asiyoihitaji, akaigeuzageuza, kisha akasema wamekaa na wamekubaliana: Ngurumo asibebe abiria tena, kwa injini yoyote. Akaniomba nimwambie mimi, kwa kuwa ni damu yangu. Nilimtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Aliyapokea yote akiwa amesimama.

"Wewe ungempandisha binti yako?" akaniuliza.

Akairudisha boliti kwenye kisanduku chake, akaenda zake.

Kaka alikuja mchana. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati la kutokea. Alipita kaunta bila kusimama, akaenda mpaka kona ilikokaa ile injini ya dizeli, ambayo hakuna aliyeitaka, siku hizi kila mtu ni ya nyuma. Akaifuta vumbi kwa kiganja.

"Mdogo wangu, nipe hii," akasema. "Mwenzangu hayupo, haitamuumiza mtu. Hii nitaisikia. Ya jana hayatarudi tena."

Na ilikuwa kweli tupu. Ndipo palipouma. Kwa injini ile asingeunguza kitu wala kumtia mtu hatarini, na ndiyo niliyomtakia tangu mwanzo. Ilikuwa yangu, iko mbele yetu, ningeweza kumpa hata bure. Lakini boti ya abiria bila abiria angeifanyia nini?

Nilifunga mlango wa duka. Nikajaribu kusema kama alivyokuwa akisema wifi, midomo tu, bila sauti, ili watu wa nje wasisikie: Wamekataa, kaka. Hawataki ubebe watu tena.

Alikuwa ananitazama mdomoni. "Sijasikia," akasema.

Nikarudia, safari hii kwa sauti. Fundi akaacha kazi aliyokuwa akifanya, akatoka kwa mlango wa nyuma.

"Sijasikia, mdogo wangu."

Nikapiga kelele. Nilipiga kelele mpaka koo likakwaruza, nikamwambia wamekataa, iwe dizeli iwe petroli, asibebe watu tena, imekwisha. Nje gati lote lilinyamaza, nikajua wamesikia kila neno. Nilikuwa nalia, na yeye alikuwa ananitazama, mkono bado uko juu ya injini.

Kisha akaongea kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake tangu masikio yake yalipokufa.

"Nilikuelewa mara ya kwanza," akasema. "Nilidhani ukirudia utasema kingine."